Siku ya Kwanza ya Dawa

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mvua ya manyunyu. Fundi cherehani na mumewe, fundi wa kupaka rangi, walikuwa wameketi mbele ya muuguzi katika kliniki ya uzazi. Maabara ilikuwa imewatunzia kiinitete kimoja, yaani yai la mama lililokwisha kuungana na mbegu ya baba. Hawakuwa na kingine. Kilikuwa kimegandishwa, na leo kilipaswa kuyeyushwa na kuwekwa katika mfuko wa uzazi.

“Dawa ya ukeni mlianza lini?” muuguzi aliuliza.

“Jumatano usiku, kama mlivyotuandikia,” alijibu mume.

Mke alitazama viatu vyake.

“Dada, nataka kusikia kutoka kwako.”

“Ijumaa,” alisema kwa sauti ya chini.

Mume aligeuka. “Ijumaa?”

“Ulikuwa kazini mbali. Dada yako akaja, akalala chumbani kwetu. Nikigusa droo tu, anauliza natafuta nini. Niliona haya. Tayari ananitania eti tumbo langu limegoma. Nikadhani siku mbili si kitu, nikaanza Ijumaa alipotoka kidogo.”

Muuguzi aliweka kalamu chini.

“Umefanya vyema kusema. Vidonge vya kwanza vilinenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Unene pekee hautoshi. Dawa hii ya pili huuandaa upokee kiinitete. Huchukua siku kadhaa, kisha utando huwa tayari kwa muda mfupi tu. Leo tungewahi mno.”

“Kama kupaka rangi plasta mbichi,” mume alisema.

“Plasta yako ikikauka inakusubiri, fundi. Utando huu hausubiri.”

“Basi tumekipoteza?” mke aliuliza.

“Bado kimegandishwa. Siwaahidi kwamba kitashika. Tutakipa nafasi yake.”

Mume alifuta uso. “Mbegu zangu ndizo chache. Dada yangu hajui. Nilinyamaza, aibu ukaibeba wewe.”

“Mwambie leo,” mke alisema.

Muuguzi alizungumza na daktari, na siku ikasogezwa hadi Jumatano. Walipofika nyumbani, mume alimweleza dada yake ukweli, macho yakiwa sakafuni. Wifi aliomba radhi, akahamishia godoro lake sebuleni. Mke alitoa dawa kwenye droo ya cherehani, akaiweka mezani kando ya saa. Siku ya kumi na mbili baada ya kiinitete kuwekwa, kipimo cha damu kilionyesha mimba. Muuguzi alimwagiza aendelee na dawa. Saa mbili kamili usiku huo, wifi alibisha mlango wa chumba.

“Wifi, muda wa dawa.”