Nafasi Ipo, Pandeni

Siku Eleuterio Zárate alipohama Huajuapan, mji mzima ulijua, kwa sababu alikuwa amehakikisha unajua. Alikuwa amepandishwa cheo: kutoka msaidizi wa naibu mkuu wa idara ya vibali vya mabango hadi naibu mkuu mwenyewe, huko Atlixco, mwendo wa nusu siku kwa barabara. Kazi ya idara hiyo, kwa sisi tuliowahi kupanga foleni pale, ilikuwa kuhakikisha hakuna bango linalotundikwa kabla ya mtu kuteseka kwanza. Alikuwa na shahada, kwa hiyo alitaka aitwe Licenciado, yaani Msomi, hata na mama aliyemuuzia tortilla, zile chapati za mahindi. Mama wa tortilla alimwita hivyo hivyo, akampa zilizoungua.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Jua lilishaanza ukali wake, mbwa wa jirani alikuwa amelala katikati ya njia, na lori la Crispín lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlangoni. Crispín, dereva mnene wa kofia ya majani, alikuwa amehamisha nusu ya watu wa mji huo na hakuwahi kuvunja hata kikombe. Vitanda vikaingia, jiko likaingia, na mwisho kabisa likafungwa kwa kamba kabati la kioo ambalo Nereida, mke wa Eleuterio, alirithi kwa bibi yake.

Mtoto wao wa pekee, Yuritzi wa miaka sita, alizunguka miguuni mwa wapakiaji akitafuna tortilla yenye chumvi. Alikuwa mtoto asiyejua kuongea ila kwa kuuliza.

"Baba, nyumba mpya inatujua?"

"Nyumba haijui mtu, mama. Nyumba ni matofali."

"Matofali yanatujua?"

Ndipo alipofika mama mkwe, Doña Gudelia, ameshika sweta la njano la mjukuu wake.

"Haya, na hili tena la nini, mama mkwe?" Eleuterio akauliza. "Sweta, na joto lote hili?"

"Si la kuvaa, baba. La kuitia."

Akaingia kwenye vyumba vitupu, kimoja kimoja, akipiga sakafu kwa lile sweta. Sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Yuritzi, twende, usibaki. Nereida, twende, usibaki." Kisha, ingawa hakuna aliyemwomba: "Eleuterio, twende. Usibaki."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Roho huchelewa nyuma ya mwili kama mtoto anayeburuta miguu sokoni, na mahali mtu aliposhtuka, ndipo inapoketi chini na kukataa kuondoka. Huitwa kwa jina, ikafuata. Eleuterio naye aliitwa hivyo na mama yake utotoni, kila walipotoka mtoni. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya shahada.

"Na kochi je?" akasema kwa sauti, ili wapakiaji wasikie. "Liiteni na kochi, lisije likasononeka."

Crispín hakucheka. Jambo hilo lilimuudhi Eleuterio kuliko alivyotaka kukubali.

Doña Gudelia akamkabidhi binti yake sweta. "Njiani, popote mtoto atakaposhtuka, msiondoke kimya. Mwiteni. Na mumwite kwa jina, mnanisikia? Ukiita bila jina, hujui atakayeitika."

"Mimi huandika hivyo kila siku, mama mkwe. 'Kwa yeyote anayehusika.' Miaka yote hiyo hajaitika hata mmoja."

Doña Gudelia alimtazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyoganda, akaenda zake kumbusu mjukuu.

Lori likatangulia, gari lao dogo likafuata. Walipita Acatlán, wakaingia kwenye vilima vya kakati, mimea mirefu ya miiba iliyosimama kama watu wanaosubiri kuhutubiwa. Adhuhuri, kwenye kona moja kali yenye korongo upande wa kulia, Crispín akasimamisha lori. Kamba ya nyuma ilikuwa imelegea. Hapo pana chemchemi inayotoka mwambani na kujaza dimbwi jeusi, na kando yake misalaba midogo imesongamana, mingine bila jina.

Yuritzi alishuka kunywa maji. Alikuwa ameinama kwenye dimbwi wakati kamba ilipokatika.

Kabati la kioo liliruka kutoka juu. Lilitua hatua moja nyuma ya mtoto, likapasuka.

Yuritzi alipiga yowe moja. Kisha akanyamaza. Alisimama katikati ya vipande vya kioo, hana hata mkwaruzo, macho wazi, kama taa iliyowashwa katika chumba kisicho na mtu.

"Amepona!" Eleuterio akasema. "Hana kitu. Pandeni, tunasubiriwa na mtu mwenye funguo."

"Msomi," Crispín akanong'ona, "mwiteni mtoto. Hapa basi la mahujaji liliingia korongoni. Hawakutoka wote."

Nereida alikwishalitoa sweta. Alikwishapiga magoti. Eleuterio akamshika mkono.

"Mbele ya dereva, Nereida?"

"Eleuterio, niache."

"Mke wa naibu mkuu anapiga tope kwa sweta, mbele ya dereva? Kesho nchi nzima inajua." Akamnyang'anya. "Basi acheni niwafanyie mimi, kwa utaratibu."

Akasimama ukingoni, akakunja sweta kama gazeti, akasafisha koo. Alikuwa na sauti nzuri ya kutangaza. Ndiyo iliyompandisha cheo, kwa kuwa kazi zake hazikuwa na ushahidi.

"Tangazo!" akalipigia kelele korongo. "Yeyote aliyeko hapo chini na anayetaka kusafiri, apande. Nafasi ipo! Msibaki!"

Mwangwi ulipaswa kurudi. Haukurudi.

Ndege walinyamaza. Maji ya dimbwi yakatikisika, na hapakuwa na upepo. Crispín alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyuma ya lori. Taratibu akavua kofia. Kisha akasogea pembeni, mgongo ukiegemea ubavu wa lori, kama mtu anayewapisha wengine wapande.

Springi za lori zikalia. Lori likabonyea. Likabonyea tena. Na tena.

"Twendeni," akasema Crispín bila kumtazama mtu.

Lori lililopunguziwa kabati lilipanda mlima ule kwa gia ya kwanza, likikoroma kama limepakia saruji.

Atlixco ni mji wa maua na hewa safi, na nyumba ilikuwa nzuri, ila maombi ya kuunganishiwa umeme yalihitaji uthibitisho wa makazi, na uthibitisho wa makazi ulikuwa bili ya umeme. Eleuterio alifurahia utaratibu huo. Aliutambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake.

Kitu kilichomsumbua ni Yuritzi. Hakuuliza swali. Hata moja. Aliketi kwenye kizingiti, uso umeelekea barabara waliyojia, na ukimwita hakugeuka. Tortilla ya chumvi ilikaukia mkononi mwake. Daktari alisema ni mabadiliko ya hewa, akaandika vitamini. Wiki haikuisha mtoto alikuwa amekonda hadi gauni lilimning'inia kama limeanikwa.

Halafu ikaja habari ya viti. Kila asubuhi vilikuwa vimevutwa nje ya meza, vyote, kama watu wameinuka sasa hivi. Mtungi wa maji uliojazwa ulikutwa mtupu. Sakafu ilikuwa na majimaji yaliyonuka mwamba na kutu.

"Paa linavuja," akasema Eleuterio.

"Mvua haijanyesha," akasema Nereida.

Jirani, mjane aliyeuza miche ya maua, aliwaletea mikate mitamu ya kuwakaribisha, kapu zima.

"Nimeleta mingi kwa sababu mko wengi," akasema. "Na watoto wenu wana adabu sana. Wanasimama dirishani tu, hawapigi kelele. Ila jamani, wavalisheni viatu."

Eleuterio alicheka. Alicheka peke yake.

Kesho yake akaja afisa wa maji, kijana mwenye beji kubwa kuliko kifua chake. Akagoma kuwaandikisha kama familia ya watu watatu.

"Kijana, unajua unaongea na nani? Tuko watatu."

"Msomi, mimi naandika ninachokiona." Akaelekeza kalamu nyuma ya Eleuterio, kwenye ukumbi. "Hao nao wanaoga, si ndiyo?"

Eleuterio hakugeuka. Alikuwa amewahi kumwambia mtu maneno hayo hayo, kwa kiburi hicho hicho: naandika ninachokiona. Alihisi baridi kwenye kisogo. Baridi ya pumzi. Pumzi ndogo, ya mtu mfupi.

Mchana ule Yuritzi aliongea. Mara moja tu. Hakugeuza uso.

"Yuritzi ana kiu," akanong'ona. "Yuko kwenye maji, lakini ana kiu. Hajaitwa."

Nereida hakulia. Alichukua simu akampigia Crispín. Eleuterio alijaribu kusema jambo kuhusu gari lao, kwamba lina mafuta, kwamba hakuna haja ya gharama. Simu ilikuwa na sauti kubwa, na wote walisikia jibu la Crispín.

"Nitakuja na lori, dada. Gari dogo haliwatoshi."

Walifika kwenye ile kona jua likiwa utosini. Lori lilikuwa tupu, na lilikuwa limeteremka likiwa limebonyea. Crispín akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akavua kofia, akasogea pembeni. Springi zikalia. Lori likainuka. Likainuka tena.

Yuritzi alikuwa mikononi mwa mama yake, mwepesi kama nguo. Nereida akampakata kando ya dimbwi, akamrushia mumewe sweta la njano.

"Wewe ndiye uliyelifunga fundo hili," akasema. "Lifungue."

Eleuterio alimtazama Crispín. Kisha akapiga magoti, suruali ya ofisini ikaingia topeni. Alipiga ardhi kwa sweta. Sauti yake nzuri haikutoka. Ilitoka nyingine, nyembamba, ya mtu aliyewahi kuitwa mtoni na mama yake.

"Yuritzi. Twende, mwanangu. Yuritzi, usibaki. Baba amekuja, Yuritzi."

Akapiga ardhi tena.

"Yuritzi, twende."

Mtoto akashtuka kama aliyeamshwa. Akavuta pumzi ndefu, yenye unyevu, na maji yakamtoka puani.

"Mama," akasema, "kwa nini mmechelewa?"

Lilikuwa swali. Nereida akamkumbatia, na hapo ndipo alipolia.

Eleuterio alikuwa bado amepiga magoti, akitabasamu kama mjinga, wakati mwangwi uliposikika. Ule wa siku ile. Ulitoka chini kabisa ya korongo, kwa sauti yake mwenyewe, ile nzuri.

"Tangazo."

Alianguka kwa makalio.

"Yeyote anayetaka kusafiri. Nafasi ipo."

Majini, kati ya vipande vya kioo, alijiona. Nyuma yake, katika kioo, walikuwapo wengi, wafupi kwa warefu, wakisubiri kwa adabu. Mmoja aliweka mkono begani mwake. Mkono ulikuwa umelowa.

Hakupiga yowe. Alihisi tu kitu kikiteleza ndani yake na kuketi chini, pale kwenye tope, kikakataa kuinuka.

Nereida alikuwa ameshalichukua sweta na ameshamsimamisha mtoto. Alipiga ardhi mara moja.

"Yuritzi, twende, usibaki." Akapiga tena. "Nereida, twende, usibaki."

Akamtazama mumewe.

Eleuterio akamnyooshea mkono. "Na mimi," akanong'ona. "Niite na mimi. Mke wangu, jina langu."

Nereida akalikunja sweta vizuri, pindo juu ya pindo.

"Mbele ya dereva, Eleuterio?"

Akampandisha mtoto kwenye lori. Eleuterio alifuata kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, akafunga mlango. Hakusema neno hadi Atlixco. Hajasema sana tangu hapo.

Katika nyumba ile viti sasa hukaa vilipowekwa. Jirani wa maua aliuliza jamaa wamekwenda wapi, akajibiwa wamerudi kwao. Yuritzi amenenepa na anauliza maswali hadi mwalimu wake ameomba uhamisho. Nereida halali chumba kimoja na mumewe, kwa maelezo kwamba hakuna mtu mle.

Ofisini hakuna aliyegundua tofauti. Anaketi. Anatazama mbele. Ukimweleza shida yako hajibu, na karatasi ulizomwachia unazikuta palepale. Mwaka uliofuata wakampandisha cheo.

Crispín bado hupita kwenye ile kona, na habari hii ni yake. Mimi nimeipokea tu. Anasema adhuhuri, ukizima injini, utamsikia mtu huko chini akisafisha koo. Yeye huvua kofia, lakini hasimami tena. Alisimama mara moja tu, kwa sababu ya pancha, na ndipo alipoona lile tope la kando ya dimbwi. Lilikuwa na alama za viatu vya ofisini, vya soli laini, mbichi, zinazokwenda hadi ukingo wa lami na kugeuka, zinakwenda na kugeuka. Nyuma yake zilikuwapo nyayo nyingine, peku, kubwa kwa ndogo, hazikukanyagana hata mara moja. Zilikuwa zimejipanga nyuma ya viatu vile, moja baada ya nyingine, kama watu walio kwenye foleni.