Sekunde Kumi na Moja za Salamu

Kirejeshi kilipowashwa, ukumbi wa Mahakama ya Kazi ulitoweka, na mahali pake pakasimama kiwanda cha oksijeni cha Mwezini. Mtambo huu hukusanya mwanga na sauti zilizonaswa na kuta, kisha huijenga upya saa iliyokwisha pita. Karani aliinua miguu asikanyage bomba ambalo halikuwapo.

Sikudhani Mkupete, fundi wa hewa, alijitazama akiwa kwenye valvu. Mzee Nampoto, msimamizi wa zamu, aliingia. Sikudhani wa mwanga akageuka, akamwamkia, akamuuliza hali ya nyumbani, na mzee hakuwa mtu wa kujibu kwa kifupi. Valvu ilikaa wazi sekunde kumi na moja zaidi. Kwa sekunde hizo Mpimakazi, akili unde inayowapima wafanyakazi, iliandika "uzembe", na kampuni ikamfukuza. Asiposhinda leo, chombo cha Alhamisi kitamrudisha duniani, maana Mwezini asiye na kazi hana kibali cha kukaa.

Sikudhani alidai amebaguliwa kwa rangi yake; wakili wa kampuni alieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba Mpimakazi haijui rangi ya mtu. Inajua sekunde tu.

"Basi tuhesabu sekunde," alisema Sikudhani, aliyejitetea mwenyewe.

Aliomba siku nyingine irejeshwe. Kwenye valvu ileile sasa alisimama Henrik, fundi mwenzake Mzungu, ambaye kuamkia wakubwa alifundishwa na Sikudhani huyuhuyu. Alimpa mzee shikamoo, akaulizia wajukuu mmoja mmoja. Sekunde kumi na tisa. Mpimakazi iliandika: "uungwana wa mfano". Mwezi uliofuata alipandishwa cheo.

Watu walicheka. Henrik, aliyekuja kushuhudia kwa hiari yake, aliiva masikio kwa haya. Sikudhani hakucheka, alileta jozi nyingine thelathini na nne za matukio kama hayo, kosa moja, ngozi mbili, na katika zote aliyeadhibiwa ni Mweusi.

Jaji akauliza mashine ilijifunza wapi. Kampuni ikalazimika kufungua mafunzo yake: miaka kumi na miwili ya tathmini za msimamizi mmoja, ambazo Mpimakazi iliziiga bila kubakiza. Sahihi zote zilikuwa za Mzee Nampoto.

Mzee alisimama bila kuitwa.

"Wageni niliwasifu ili waone tunaelewana nao," alisema. "Wa kwetu niliwabana. Nilidhani nawakomaza."

Jaji aliamua kwamba kampuni imebagua, hata kama kalamu ilikuwa ya Mweusi, na Sikudhani arudishwe kazini asubuhi. Sikudhani alifurahi, akafurahi kweli, lakini maneno ya mzee hayakumtoka.

Mlangoni alimkuta mzee ameketi, kofia magotini. Angeweza kupita.

"Shikamoo, mzee."

Sikudhani alisimama palepale akisubiri kuitikiwa. Safari hii hapakuwa na aliyehesabu.