Hakuna Msimu Mzuri kwa Mke wa Darubini

"Njoo kiangazi, mama," Darubini alikuwa akimwambia mteja kwenye simu, miguu ameitupa juu ya stuli. "Nyasi zimekauka, maji yamebaki kwenye mabwawa tu, wanyama watakuja kunywa mbele ya macho yako. Lakini kama unapenda kijani na watoto wa wanyama, njoo mvua zikianza. Kila msimu una utamu wake."

Alipokata simu, mkewe aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani.

"Na mimi je? Utamu wangu uko msimu gani?"

"Mke wangu, tumeshaongea hayo."

"Kiangazi uliniambia vumbi litaniua. Masika ukaniambia gari litanasa kwenye matope. Katikati ya hapo ukasema wanyama wamehama. Wewe ni dereva wa watalii au mlinzi wa kunizuia mimi?"

"Subiri mwakani. Nitakutafutia wakati mzuri."

"Huo mwakani wako nao hauzeeki?"

Darubini alichukua kofia yake akatoka. Jina hilo walimpa madereva wenzake, maana aliweza kumwona chui kwenye matawi wakati wageni bado wanauliza mti uko wapi. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, hakuwahi kuona hata pundamilia, isipokuwa yule wa nembo kwenye shati la mumewe. Na huyo alimdarizi mwenyewe.

"Shoga yangu," jirani yake alimwambia siku ile, "mwanamume anayekuficha kazini kwake ana mtu huko."

Fundi aliendelea kushona. Kesho yake, mumewe alipokwenda gereji, fundi alipiga simu ofisini kwa mumewe.

"Dada, msimu gani ni mzuri kwenda mbugani?"

"Inategemea unataka kuona nini," alijibu dada wa mapokezi.

"Nataka kuona mambo yalivyo."

"Basi njoo sasa hivi. Mvua za kwanza zimeshuka, wageni wachache, swala wanazaa. Jumamosi kuna gari lina nafasi. Dereva wake mzoefu sana, wanamwita Darubini."

"Huyo huyo ndiye ninayemtaka," alisema, akaandikisha jina la ukoo wa baba yake.

Ijumaa jioni ujumbe wa mumewe uliingia kwenye simu yake: "Nalala gereji, kesho nachukua wageni mapema. Nakupenda."

Akajibu: "Safari njema. Uwatunze wageni wako."

Asubuhi Darubini alikuwa anafuta kioo cha gari mbele ya ofisi. Aliponyanyua macho, mkewe alikuwa amesimama na begi begani.

"Habari za asubuhi, dereva."

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Nimelipa. Nifungulie mlango."

Bibi mmoja mwenye miwani alifika akivuta sanduku. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mwaka mvua zikianza alisafiri na Darubini.

"Mwanangu! Afadhali mwaka huu umenenepa kidogo."

Darubini alifungua milango. Safari nzima hadi geti la mbuga hakutaja hata jina la ndege.

Pale getini alishuka kupanga foleni ya vibali. Mwalimu akamgeukia mgeni mwenzake.

"Binti, umepata dereva mzuri. Ila usimtanie mambo ya ndoa. Bado ana kidonda."

"Kidonda gani, mwalimu?"

"Alifiwa na mkewe, huu mwaka wa tatu. Nilimkuta nyuma ya gari analia kama mtoto, swala anazaa pale pale mbele yake wala hamwoni. Kambini wote wanajua. Wanamlea kama yai."

Fundi alitazama dirishani. Mumewe alikuwa kwenye foleni, anajikuna shingo.

Darubini aliporudi, mkewe alimwambia kwa upole, "Dereva, pole na msiba."

Funguo zilimponyoka mkononi.

Alisimamisha gari kwenye uwanja wa kupumzikia, wageni wanaporuhusiwa kushuka. Mwalimu akabaki garini na kahawa yake. Wao wawili wakaenda nyuma ya gari.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Nisikilize kwanza..."

"Nilizikwa wapi? Na aliyechukua nafasi yangu anaitwa nani?"

"Hakuna mwanamke. Nakuapia."

"Ila mimi nimekufa."

Darubini aliinama. Miaka mitatu nyuma walizaa mtoto ambaye hakulia. Walimzika, na kabla viti vya msiba havijarudishwa, Darubini akapanda gari kwenda kazini. Mkewe hakuwahi kumsamehe kwa hilo, wala hakuwahi kumwambia.

"Mwalimu alinikuta nalia," Darubini alisema. "Nikamwambia nimezika. Akauliza, 'Mkeo?' Nikaitikia kwa kichwa. Ningemwambiaje kwamba mwanamume mzima nalilia mtoto ambaye hata jina hatukumpa? Angeniambia mtapata mwingine. Kila mtu alikuwa ananiambia hivyo. Tulipofika kambini, akawatangazia wote."

"Nyumbani hukudondosha hata chozi."

"Nyumbani ulikuwa unalia wewe. Tungelia wote, nani angewafungulia watu mlango?"

"Ningeinuka nifungue mwenyewe! Miaka yote hii nilidhani nimeolewa na jiwe."

Mwalimu ndani ya gari alikuwa anakohoa.

"Msimu wa kukuleta ulikuwa msimu wa kusema ukweli," alisema Darubini. "Nikawa nausogeza tu mbele."

"Sijakusamehe. Nenda kwanza kamwambie yule mama kwamba niko hai."

Alikwenda. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamtazama fundi.

"Mimi nimekuwa nakuombea, binti. Upumzike kwa amani."

"Ahsante, mwalimu. Nilipumzika. Sasa nimeamka."

"Na wewe," mwalimu akamgeukia Darubini, "ungekuwa darasani kwangu ungepiga magoti mpaka kengele ya mwisho."

Kuanzia hapo fundi alikaa kiti cha mbele. Karibu na bwawa Darubini alizima injini.

"Pale, kushoto kwa kichaka. Ndiyo kwanza amezaliwa."

Mtoto wa swala alikuwa anajaribu kusimama. Akaanguka, akajaribu tena. Mama yake anamlamba, naye anatetemeka. Safari hii Darubini hakushuka kwenda nyuma ya gari. Alilia pale pale, mikono kwenye usukani, na mkewe akalia naye. Walipotulia, mtoto wa swala alikuwa amesimama, ananyonya.

"Wetu ningempa jina la baba yako," fundi alisema.

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

Jua lilikuwa halijazama walipoingia kambini. Mpishi alitoka na sinia la juisi kuwapokea wageni. Alipoona Darubini ameshikana mkono na mwanamke, uso wake ukachanua.

"Jamani, Darubini! Hatimaye umeoa tena!"

"Hapana," alisema Darubini. "Ni yule yule."

Mpishi alirudi nyuma, akaitazama kwanza miguu ya yule mwanamke, aone kama inakanyaga chini.