Chapa ya Mzee Jelle

Harufu ilianza Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri, saa ile ambayo Griftu nzima imejilaza na hata mbuzi wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Harufu ya nywele zinazoungua. Weris aliinuka mkekani ameshika kiuno, maana mimba ya miezi saba si mchezo, akaenda jikoni kutazama. Jiko lilikuwa baridi. Akachungulia nyuma ya nyumba, labda jirani anachoma takataka. Hakukuwa na mtu. Aliporudi ndani harufu ilikuwa imezidi, na sasa aliitambua, kwa kuwa alikulia zizini: ndiyo ile inayotoka chuma cha moto kinapogusa ngozi ya ngamia.

Hapo akasikia kengele. Ya mbao, ile anayofungwa ngamia shingoni, ko, ko, ko, polepole, nje ya mlango. Ngamia wa mumewe walikuwa malishoni, mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Na binti yake Nasteha, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa amelala fofofo, aliinuka macho yamefumba, akatoka peku kwenye mchanga unaochoma, shingo kainyoosha mbele kama anayevutwa kwa kamba.

Weris alimdaka uani. "Hooyo, unakwenda wapi?" aliuliza, maana huku kwetu mama humwita mtoto kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia mama.

"Naitwa," alijibu mtoto. "Zamu yangu ya kunywa imefika."

Maskini Weris, alijiambia ni ndoto za joto. Akamnyunyizia maji usoni, akamrudisha mkekani.

Sasa niseme ukweli, nyumba ile ilikuwa na furaha mwezi mzima. Mumewe Mustafe, mwalimu wa historia, alikuwa ameona kwenye simu picha ya kengele ya ngamia iliyowekwa kwenye kabati la kioo, katika makumbusho ya huko ng'ambo. Ubavuni ilichongwa chapa: mviringo wenye miguu miwili. Maelezo chini ya picha yalisema ilikuwa ya Mzee Jelle, na huyo ni babu wa babu yake. Watu wa ukoo wao siku hizi huchapa ngamia mistari mitatu, na hakuna aliyejua kwa nini ile ya mviringo iliachwa. Mustafe hakuuliza. Alijijibu mwenyewe: mkoloni aliipiga marufuku. Si ndiye aliyetupokonya kila kitu?

"Mwacha mila ni mtumwa," alisema, kifua mbele. Akaandika barua kuidai kengele, na alipokuwa akingoja majibu akairudisha chapa. Akaichonga kwa patasi kwenye ubao wa mlango wa nyumba. Akawapaka mbuzi wake wawili chapa ile kwa rangi. Siku ya Utamaduni, pale sokoni, Weris mwenyewe, kwa mkono wake, alimchora Nasteha chapa ile kwa hina nyuma ya kiganja cha kulia. Mtoto aliuinua mkono jukwaani, wanawake wakapiga vigelegele, na Mustafe akalia mbele za watu bila haya. Nani angemlaumu? Mtu amepata jina lake lililopotea.

Ijumaa wale mbuzi wawili hawakuonekana. Nyayo zao zilitoka zizini zikaenda moja kwa moja kuelekea jangwani, moja nyuma ya nyingine kama wanaoswagwa, na pembeni yake hakukuwa na nyayo za mchungaji. Mustafe alisema wameibwa. Weris alifunga mlango na madirisha. Adhuhuri ile kengele ililia tena, na Nasteha akavunja kitasa cha dirisha kwa mikono mitupu, mtoto ambaye hata kifuniko cha chupa ya maji humpa baba yake amfungulie. Weris alimsugua kiganja kwa limau, kwa sabuni, kwa mchanga. Hina haikutoka. Ilizidi weusi, kisha ikavimba, na ukiigusa ilikuwa kovu la moto.

Jumamosi alirudi Kaaha, mama yake Mustafe, aliyekuwa Wajir kwa matibabu ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa bado hajatolewa, kwa hiyo bibi kizee alipapasa njia kwa vidole. Akaugusa ukuta, akaugusa mlango, na vidole vikakutana na mchongo. Akavizungusha mara moja. Mara ya pili. Fimbo ikamponyoka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Ni chapa yetu," alisema Mustafe. "Tumeirudisha."

"Si yetu!" Sauti ya bibi ilikuwa ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Ewe mwanangu uliyesoma mpaka ukapitiliza, ungeniuliza! Jelle alipatwa na ukame uliomaliza ngamia wote. Kisima pekee kilichobaki kilikuwa na mwenyewe, jini, na jini akataka malipo. Jelle hakuwa na mnyama hata mmoja wa kutoa. Akatoa chapa. Alisema: kila kitakachobeba alama hii ni chako, leo na kesho. Maji yakatoka, na toka siku hiyo tukachapa mistari mitatu. Kengele alimuuzia Mzungu ili ifike mbali. Mkoloni hakutukataza kitu. Tuliona aibu, tukanyamaza. Mama mkwe wangu aliniambia akiwa anakata roho." Kisha akauliza taratibu: "Mmechapa nini kingine?"

Weris aliuchukua mkono wa Nasteha, akauweka kwenye mikono ya bibi yake. Kaaha aliupapasa, akaanza kulia.

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mustafe aliushambulia mlango kwa shoka usiku huo huo, akaugeuza kuni, lakini mlango si mtoto. Huwezi kumchanja mwanao kuni.

Jumapili kabla ya adhuhuri alikuja Sheikh Abdihafid, mtu ambaye majini ya Griftu yanamjua kwa jina. Alimkalisha Nasteha mkekani, Mustafe upande huu, Weris upande ule, bibi nyuma yao, akaanza kusoma. Alisoma mpaka jasho likamlowesha ndevu, na harufu ya ngozi inayoungua ikaingia chumbani ikawakaa kooni, na kengele ikaja kutoka mbali, ko, ko, ikapita uani, ikapita pale palipokuwa na mlango, ikasimama katikati yao pasipo mtu wala mnyama, na ndipo mdomo wa mtoto ukafunguka ikatoka sauti nzito ya mwanamume, ya upole, sauti ya mchungaji mwenye ngamia wengi.

"Assalamu alaykum, sheikh. Usijichoshe. Mimi pia naswali."

Sheikh alitia kidole kwenye msahafu asipoteze mstari. "Basi mwogope Mungu, umwache mtoto."

"Nimeiba? Niambie wewe unayejua haki. Ngamia wako amepotea miaka kumi, ukamkuta kwenye zizi la mtu mwingine ana chapa yako. Ni wa nani?"

Sheikh aliufunga msahafu polepole. Huku kwetu watu wameuana kwa swali hilo, na jibu lake ni moja tu.

"Wangu," alisema.

"Basi sijadhulumu."

"Chukua ngamia!" Mustafe alipiga magoti. "Ninao kumi na wanane. Chukua wote!"

"Hao wana mistari mitatu. Sitaki mali ya watu." Sauti haikupanda wala haikushuka. "Jelle alikuwa muungwana. Wewe umeniletea ulichokichapa, nami naondoka nacho adhuhuri hii."

Nasteha akaanza kuinuka, shingo mbele, na baba yake na sheikh wakamning'inia mabegani, lakini aliwakokota wote wawili kama mashuka yaliyonasa kwenye mwiba, hatua moja, hatua mbili, huku chozi likimtiririka mtoto mwenyewe chini ya kope zilizofumba. Weris aliliona lile chozi. Ni mimi niliyemchora, alijisemea, mkono wangu huu huu, na kitu kikakatika ndani yake.

"Nichukue mimi!" alipiga kelele. "Nipe chapa mimi, umwachie yeye!"

"Nyamaza, mwanamke!" Kaaha alirusha mkono amzibe mdomo, lakini hakumwona. Mkono ulishika hewa.

"Nimekubali," ilisema sauti. "Mashahidi mmesikia."

Weris alihisi moto nyuma ya kiganja chake, akauma mtandio asilie. Alipotazama, mviringo ulikuwa pale na miguu yake miwili. Mkono wa Nasteha ulikuwa safi. Mtoto alifumbua macho, akatazama watu wote wale, akasema ana njaa, anataka anjera, ule mkate laini wa kikaangoni, na sukari. Lo, Weris alicheka! Alicheka na kulia, akamlisha kwa vidole vyake, tonge baada ya tonge. Mimi niende, aliwaza, ila huyu abaki. Alhamdulillahi.

"Ayeeyo," Nasteha alimwita bibi yake, "mbona unalia?"

Kaaha alijifuta uso. Alimgeukia mwanawe. "Mwalimu, nikuulize. Mtu akimtoa ngamia jike kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, ndama wake ni wa nani?"

Mustafe alitazama tumbo la mkewe. Sheikh Abdihafid alijiinamia, akajifunika uso kwa mikono miwili. Jibu la swali hilo hata mtoto wa miaka mitano wa Griftu analijua: ndama humfuata mama yake.

Kengele ikalia.

Weris aliinuka bila kutaka kuinuka. Kiu ilimbana, kiu ya siku nyingi, na shingo yake ikajinyoosha mbele. Tumboni mtoto alijigeuza, akapiga teke kuelekea mlangoni. Mustafe alimkumbatia kwa nguvu zake zote, akimwita jina lake, na bado Weris alimkokota hadi uani, miguu ya mume ikiburutika mchangani.

Nasteha aliweka anjera chini, akapangusa sukari mkononi. Hakuna aliyemwita safari hii. Macho yake yalikuwa wazi na akili zake timamu. Alimfuata mama yake tu.