Kanga ya Bibi Juu ya Mnara

Haya, kaeni vizuri, nimlete nani leo? Mize.

Mize aliishi na bibi yake katika kijiji cha wavuvi, karibu na mnara wa taa. Mnara mweupe, mrefu, ngazi zake zinazunguka ndani.

Mize alitaka kuupanda mnara ule. Alitaka hilo kuliko anavyotaka halua. Lakini Mzee Makame, mtunza taa, alishasema: watoto hawapandi.

Siku hiyo maji yalikupwa. Bibi na kina mama wenzake wakaenda mwambani kuchokoa pweza. Bibi akamwachia Mize kanga yake nyekundu, akamwambia akae hapo hapo, atulie.

Mize akatulia. Akatulia kidogo tu.

Mzee Makame alikuwa kibarazani, amelala. Khoroo, khoroo.

Na mlango wa mnara ulikuwa wazi.

Nyata, nyata, nyata.
Mize huyo, juu zaidi.

Akapumzika. Akacheka, mkono mdomoni.

Nyata, nyata, nyata.
Mize huyo, juu zaidi.

Akafika juu kabisa. Kina mama kule mwambani walikuwa wadogo kama kaa. Mize alitaka Bibi amwone. Akaifunga kanga kwenye chuma cha ukingo, ikapepea. Pepe, pepe, pepe.

Kina mama wakainua vichwa. Wakakimbia. Chubwi, chubwi, chubwi.

Maana kijijini kwao, kitambaa chekundu mnarani ni amri: bahari imechafuka, rudini.

Mize alijua. Furaha tu ilimsahaulisha.

Akashuka mbio. Pwani, vikapu vyote vitupu. Bibi alikuwa ameshamshika pweza mkubwa, akamwachia.

Mzee Makame akaamka, akauliza kanga ya nani ile. Watu wote wakamtazama Bibi.

Mize akaona aibu. Akamwonea Bibi huruma.

"Ni mimi, babu," akasema. "Bibi hana kosa. Nilitaka anione."

Mzee Makame akakuna ndevu. Bahari ilikuwa shwari, na maji bado hayajajaa.

"Wewe ndiye uliyewarudisha," akasema. "Basi hii ndiyo adhabu yako. Panda, toa nyekundu, weka nyeupe, wajue bahari ni shwari."

Mize akainamisha kichwa haraka, wasione anavyotabasamu.

Tapu, tapu, tapu.
Mize huyo, juu zaidi.

Nyuma yake Mzee Makame, anahema. Hee, hee, hee.

Kitambaa cheupe kikapepea. Kina mama wakarudi mwambani, na Bibi akamkuta pweza wake shimoni, hajaenda popote.

Usiku wakala pweza wa nazi mpaka wakashiba. Kisha wakalala kitandani, Bibi huku, Mize huku.

"Umejifunza, Mize?"

"Nimejifunza, Bibi."

Mize akatulia. Akatulia kidogo tu.

"Bibi, kosa gani jingine adhabu yake ni kupanda mnara?"

Bibi alijifunika shuka mpaka usoni, na shuka likawa linatikisika.