Nani Ameonja Maji ya Mugoma?

Siku bomba lilipofunguliwa kijijini Mugoma, wilaya ya Ngara, hapakuwa na pa kuweka mguu. Ilikuwa kiangazi cha mwaka sabini na saba. Watu waliohamishiwa kwenye nyumba za mstari walikuwa na miaka mitatu ya kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, kwa hiyo walikuja wote, na mitungi yao, na ngoma za watoto wa shule. Fundi akafungulia koki. Maji yakaruka pwaa! Vigelegele vikapigwa.

Halafu wakangoja mtu aonje. Huko Ngara anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Iwe pombe ya ndizi, iwe maji. Sasa Bwana Maji, ofisa wa serikali aliyetoka mbali na kaunda suti yake, akapewa bilauri ya maji ya bomba. Akaitazama. Akaiweka mezani taratibu, akafungua mkoba, akatoa chupa ya kijani ya maji ya Ulaya, akanywa hiyo. Jamani! Mbele ya kijiji kizima! Wanawake wakarudi nyuma na mitungi yao mitupu.

Hapo ndipo Verediana, binti wa Mzee Leonidas, mwenye kitenge cha maua mekundu na ulimi usiojua kungoja zamu, alipopasua umati. Alichukua ile bilauri akainywa yote.

"Nimeonja," alisema, akifuta mdomo kwa mkono. "Nikifa mnizike. Nisipokufa, pangeni foleni."

Watu wakacheka, foleni ikapangwa. Fundi, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyochanika magotini, alikuwa bado ameshika koki.

"Dada, ilikuwa kazi yangu kuonja," alimwambia. "Hata kwetu Kaniha tunaonja. Nimezubaa."

"Umezubaa nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Mwone!" Verediana akacheka. "Basi iko siku utaonja wewe, mimi ndiyo ninywe."

"Nitaonja. Naitwa Ansbert."

Bwana Maji aliiacha chupa yake mezani. Verediana akaiokota, maana chupa ilikuwa mali.

Kuanzia hapo Ansbert alifika kila Jumamosi kwa baiskeli, kukagua mashine ya kusukuma maji. Akimaliza, alipita kwa Mzee Leonidas kusalimia.

"Hiyo mashine inaumwa kila Jumamosi tu?" aliuliza Mama Ernesta, mama yake Verediana.

"Shikamoo mama. Ni mashine mpya, inataka kubembelezwa."

"Marahaba. Basi ibembeleze huko huko iliko."

Verediana alikuwa nyuma ya mlango, khanga mdomoni, amekufa kwa kicheko.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kikaingia kipindupindu. Mugoma ilizika watu saba. Maneno yakaanza kutembea: ni lile bomba. Na nani alitudanganya tukanywa? Wanawake waliokuwa wakimwita shoga wakawa wanampita Verediana njiani kama hawakumwona. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alimtemea mate miguuni. Verediana alilia siku mbili hakula.

"Ukija kuposa, watu watajaa pale nyumbani," alimwambia Ansbert. "Unywe maji yetu wakuone, mpenzi. Wewe ndiye uliyelijenga bomba. Ukinywa wewe, watanyamaza."

"Nitakunywa pipa zima, Vere wangu."

Siku ya posa alikuja na mjomba wake. Alipendeza, asikudanganye mtu: suruali ya bugaluu ya kahawia, shati jeupe la kola pana, viatu vya raizoni vya soli nene vimejaa vumbi. Ila alikuwa amekonda, na macho yameingia ndani. Verediana alidhani ni hofu ya wakwe. Alipiga magoti, akaonja maji kwenye kata, akampa kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni, wanangoja.

Ansbert aliishika kata. Akaiweka chini. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa chupa iliyozibwa kwa gunzi, akanywa hiyo.

"Kijana," alisema Mzee Leonidas polepole, "maji yetu ni machafu?"

"Hapana, baba. Ni mazuri."

"Basi kunywa."

"Siwezi, baba. Leo siwezi."

"Asiyekunywa kwangu haoi kwangu."

Mlangoni mtu akacheka. Verediana alimfuata Ansbert mpaka migombani, machozi yanamtoka.

"Hata wewe? Hata wewe na chupa?"

"Vere, nisikilize. Kuna neno siwezi kulitamka mbele ya wakwe. Hata hapa wanatusikia. Nitakuandikia."

"Iandikie chupa yako!"

Barua zikaja mbili. Zote alizirudisha bila kuzifungua. Nani angeweza kumweleza kitu? Aliumia, na aliyeumia ana kichwa kigumu.

Mwezi wa kumi vita vikaanza. Redio ya kijiji ikazungukwa mchana kutwa. Ikasemekana mafundi wa mitambo wanachukuliwa, na dizeli yote sasa ni ya jeshi. Verediana aliposikia neno mafundi, hasira yote ilimtoka, ikabaki hofu. Akatembea kwa miguu mpaka posta ya Ngara, akaomba simu ya ofisi ya maji Biharamulo, alikokuwa amehamishiwa Ansbert.

"Haloo! Haloo! Namtaka Ansbert, fundi!"

"Ansbert kaenda vitani wiki iliyopita. Mimi Modestus, tulikuwa chumba kimoja. Nani mwenzangu?"

"Verediana. Wa Mugoma."

"Wewe dada! Kwa nini ulirudisha barua?"

"Alikataa maji yetu mbele ya watu."

"Alikuwa ametoka wodini siku mbili tu! Kipindupindu hicho hicho. Nesi alimfungia chupa ya maji ya chumvi na sukari, akamkataza kunywa kikombe kimoja na mtu. Kata yenu si ingezunguka kwa wazee wote? Angewaua."

"Angesema! Si angesema tu!"

"Aseme nini mbele ya baba mkwe? Kwamba ameharisha siku nne? Na kuahirisha aliogopa, mzee asije akasema anakuchezea."

Verediana alichuchumaa pale pale na simu sikioni. Karani akageukia ukutani.

"Kaka Modestus," alisema hatimaye, "nawe utakwenda?"

"Lori letu litapita Ngara keshokutwa."

Alirudi Mugoma kesho yake akakuta mashine inakohoa dizeli ya mwisho. Na wale wale waliolitukana bomba walikuwa wanasukumana hapo na ndoo zao! Alijipenyeza na ile chupa ya kijani, akakinga mpaka ikajaa. Akaonja, akaziba. Kwenye karatasi aliandika: "Nimeonja. Kunywa. Nisamehe, urudi." Asubuhi iliyofuata, Ngara, Modestus aliipokea juu ya lori.

Bomba likakauka. Verediana akarudi kushuka bondeni kama zamani, na kila Jumamosi alikaa mlangoni anatazama njia, ingawa alijua hakuna baiskeli itakayokuja.

Modestus alifika kiangazi kilichofuata, sare imempwaya. Alimwamkia mzee, akakaa, akatoa kwenye mkoba ile chupa ya kijani. Chini yalikuwa yamebaki maji kiasi cha funda moja.

Verediana aliipokea kwa mikono miwili. Alijua.

"Alikuwa anakunywa kidogo kila Jumamosi," alisema Modestus. "Alisema ndiyo siku ya kukagua mashine. Siku ya mwisho, asubuhi kabla ya kuondoka kambini, alinipa hii. Akasema, 'Mwambie nimeonja mimi. Sasa anywe yeye.' Mchana mzinga ukampata. Tulimzika huko huko."

Mama Ernesta akapiga yowe. Verediana aliinuka na chupa yake, akaenda hadi bombani. Mama yake alimfuata akimwita, "Mwanangu usinywe, ni maji ya mwaka jana hayo!"

Alikunywa. Hayakuwa na ladha yoyote. Kisha akakinga chupa chini ya bomba, akafungulia koki mpaka mwisho. Haikutoka hata hewa. Mama yake alimshika mkono amrudishe nyumbani, yeye akawa bado ameikinga ile chupa.