Hodi ya Tatu

Sauti ya Pili ilipiga hodi kutoka kwenye kompyuta, na Pili mwenyewe alikuwa shuleni. Hilo halikumshtua mama yake, Shamila, kwa kuwa ndiye aliyeirekodi sauti ile. Kilichomfanya aweke kikombe cha chai chini ni kwamba waraka uliofunguka mbele yake ulikuwa wa majaribio, na walioweza kuufikia walikuwa wawili tu, yeye hapo Newala na mwenzake wa kazi, Godwin, kule Masasi. Na Godwin alikuwa naye kwenye simu wakati huohuo, akilalamika kwamba umeme umekatika tangu alfajiri na kompyuta yake imezima.

"Hodi," sauti ikasema tena.

Shamila akamuuliza Godwin kama kuna mtu mwingine aliyempa njia ya kuingia. Godwin akasema hakuna. Hodi ya tatu ikapigwa, na baada yake kompyuta ikaitikia yenyewe, kwa sauti ya Shamila, ile aliyoilainisha siku ya kurekodi: "Karibu."

Kijiti chembamba kikatokea kwenye waraka, kikawa kinawaka na kuzima mwanzo wa mstari. Kila anayeandika humo huwa na kijiti chake, na juu yake kibendera chenye jina. Kibendera hiki hakikuwa na jina.

Sasa usimhurumie Shamila haraka, maana mlango ule aliuchonga kwa mikono yake. Kazi yake ni kuamua sura ya programu: kitufe gani kikae wapi, kiwe na rangi gani, kiseme neno gani. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimpa Kibao, programu ya kuandikia nyaraka kwa Kiswahili, watu wengi ndani ya waraka mmoja. Yeye akasema maneno ya kuomba ruhusa yaliyopo kwenye programu za wenzetu ni makavu. Mswahili akifika kwa mtu hupiga hodi, mwenyeji hujibu karibu. Basi na iwe hivyo. Hodi akaiweka kwa sauti ya bintiye, karibu akaiweka kwa sauti yake, na wakubwa walipoisikia walipiga makofi mpaka kichwa kikamvimba.

Kisha yakaja malalamiko. Mabosi walikuwa wanasikia hodi wanakaa kimya, watu wanashinda nje ya waraka siku nzima. Shamila akapata dawa: baada ya hodi ya tatu, mwenyeji akinyamaza, programu iseme karibu yenyewe. Godwin, mwandishi wa programu, akaitekeleza siku ileile.

Mama yake Shamila, Bi Mwanaisha, alilisikia jambo hilo akiwa barazani anamenya mihogo, na hakulipenda hata kidogo. Yeye ndiye aliyemlea Pili katika adabu ya milango, mpaka mtoto yule akawa anapiga hodi hata akitoka chooni, watu wakawa wanamcheka.

"Hodi tatu kimya, mtu anageuka anakwenda zake," alisema. "Hapo nyumba imekataa. Wewe umeitengenezea nyumba mdomo usiojua kukataa. Na sauti ya mtoto, mwanangu, unaitumaje kwenye milango ya watu usiowajua?"

Shamila alicheka, akamwambia hiyo ni kompyuta tu, Mama.

Kwenye waraka wa majaribio alikuwa ameandika maneno ya kujazia tu, yale yaliyomjia kwanza: Tuna mbuzi mmoja mkaidi. Mama yangu anakaa barazani. Nina binti, anaitwa Pili. Mgeni asiye na jina akaanza na mbuzi. Mstari mwekundu ukapita juu ya neno "Tuna", na pembeni yake likaandikwa "Tulikuwa na". Hivyo ndivyo Kibao kinavyoonyesha pendekezo la mtu, na chini yake hujitokeza vitufe viwili, Kubali na Kataa. Kubali ni kikubwa, kijani, kinachong'aa. Kataa ni kidogo, cha kijivu, kimejificha kwenye kona, kwa sababu Shamila aliwaeleza wakubwa kwamba watu wanapenda kazi iishe. Na yeye alitaka kazi iishe. Alidhani ni hitilafu, akabonyeza Kubali.

Adhuhuri mbuzi alikutwa chini ya mkorosho uani, amelala, kamba imekaza, macho makavu, hana jeraha. Majirani walisema nyoka. Lakini manyoya yake yalinuka maganda ya korosho yaliyoungua, ile harufu ya mafuta yanayochoma koo, na mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa kwenye maua, hakuna aliyekuwa anabangua kitu.

Shamila akarudi ndani kwenye kompyuta. Mstari mwekundu ulikuwa umehamia kwenye sentensi ya pili. "Anakaa" imekatwa. Imeandikwa "alikaa".

Akabonyeza Kataa. Neno "alikaa" likafutika, kisha likarudi. Akabonyeza tena, likarudi tena, bila papara, kama mtu aliyekaa mkekani hana haraka ya kuondoka. Akazima kompyuta, akafunika kwa kanga. Kutoka barazani mama yake akauliza ni nani anayechoma maganda ya korosho msimu huu. Shamila akatoka mbio, akamkuta mzima, kisu mkononi, muhogo mapajani, akachuchumaa miguuni pake anahema, akampigia Godwin amwambie asiguse kitu. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na wakati simu bado iko sikioni akasikia kisu kikianguka kwenye sementi. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa vilevile, ganda refu la muhogo linaning'inia kwenye vidole vyake, macho yanaangalia njia, na alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika kesho yake. Godwin alipanda kutoka Masasi kwa mazishi, na baada ya watu kutawanyika Shamila akamuuliza kama aliufungua ule waraka. Godwin ni mtu nadhifu, hawezi kuona mistari myekundu akalala.

"Umeme uliporudi nilifungua, Mama Pili," alisema. "Nikajua ni wewe umerekebisha. Ilikuwa 'anakaa' kuwa 'alikaa' tu. Nikakubali."

Alipoelezwa, alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake nyeupe, akalia. Shamila hakumbembeleza. Walifungua kompyuta pamoja, na mstari mwekundu ulikuwa umefika walipojua utafika: "Nina binti" imekatwa, imeandikwa "Nilikuwa na binti". Godwin akaufuta waraka wote. Ukarudi pamoja na ujumbe ambao Shamila aliutunga mwenyewe, ule uliosifiwa sana kwa upole wake: Usihofu, tumekuhifadhia.

Asubuhi walimwacha Pili, ameamka na mafua lakini amevaa sare za shule, kwa jirani, Mama Yuster, wakateremka na pikipiki mpaka Mkunya kwa Fundi Sultani, mzee anayetoa majini kwenye nyumba za watu. Godwin, Mkristo wa Lulindi, alibaki nje akijipiga ishara ya msalaba. Shamila aliamkia, akaitikiwa marahaba, akaeleza yote. Fundi hakucheka wala hakuuliza kompyuta ni nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani alimkaribisha?"

"Sauti yangu, Fundi."

"Basi hakuingia kwa wizi. Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi, unamnyima mwenyeji tu. Kaondoe hiyo karibu, yote, kisibaki hata kitufe. Kisha mchukue mwanao, funga mlango, na mpaka jua lizame usiitikie hodi yoyote. Atakuja na sauti anayoijua. Akinyimwa karibu mara tatu ataondoka, maana wenzetu wanashika adabu kuliko sisi."

Godwin aliiondoa karibu palepale barabarani, kompyuta imekaa juu ya tangi la pikipiki. Sauti, kitufe, vyote. Kisha akamfikisha Shamila nyumbani, akashika njia ya Lulindi bila kuaga.

Shamila alikuwa anafungua kanga ajitande aende kwa Mama Yuster, mara mlango ukasukumwa na Pili akaingia, na sare zake za shule, akaja moja kwa moja kumrukia. Alimkumbatia mpaka mifupa ya mtoto ikalia. Alishukuru Mungu kwa sauti. Akasukuma komeo, akavuta kabati likaziba mlango, akakaa sakafuni na mtoto mapajani.

Jua lilikuwa limesimama kichwani ziliposikika nyayo nje.

"Hodi," ilikuwa sauti ya Pili, mlangoni.

Shamila akaziba mdomo wake kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaziba sikio la mtoto.

"Hodi. Mama, ni mimi. Mama Yuster kanifikisha uani. Mama, jua kali."

Nusura mama yule ainuke, maana sauti ilikuwa na ule mkwaruzo wa mafua ambao haukuwepo kwenye rekodi, na ilivuta pumzi katikati kama Pili anavyovuta, na kitasa kilichezeshwa taratibu na mkono mdogo usiofika vizuri, lakini akamkumbuka Fundi, akakumbuka kisu kilichoanguka barazani, akauma kiganja chake mpaka akaonja damu, akambana aliyekuwa mapajani na kuhesabu hodi iliyobaki, moja tu, moja tu na yamekwisha.

"Hodi." Kimya. "Haya, Mama. Narudi."

Nyayo zikaondoka. Shamila akalegea, akalia kwa furaha, akaweka uso wake kwenye nywele za mtoto ambusu. Zilinuka maganda ya korosho yaliyoungua.

Ndipo alipokumbuka kwamba huyu aliyeingia hakupiga hodi.

Mtoto akampapasa mgongo, polepole. Akasema kwa sauti ya Shamila mwenyewe, ile laini ya kurekodiwa: "Ameondoka. Ana adabu. Bibi yake kamfundisha vizuri."

Shamila alilisukuma kabati, akatoka nje anapiga mayowe. Kwenye mchanga zilikuwepo alama za viatu vidogo, zimefika mlangoni, zimegeuka. Hazikwenda kwa Mama Yuster. Zilielekea kule ardhi ya Newala inapokatika ghafla na bonde kuanza, na kabla ya kufika huko zilikwisha, katikati ya njia. Watu walikuja, lakini watafute nini? Pili alikuwa amesimama mlangoni ndani ya sare zake, ananyonya kidole, kila mtu anamwona. Mama Yuster aliapa kwamba alimfikisha uani, na huyo hapo. Wakamshika Shamila mikono, wakasema kwa huruma kwamba msiba wa mama yake umemchanganya.

Kwenye waraka sasa hakuna mstari mwekundu. Imeandikwa kwa wino mweusi, safi, Nilikuwa na binti. Kibendera cha mgeni kimepata jina, nalo ni Pili.

Na kila adhuhuri, kuna mtu nje ya waraka.

"Hodi," inasema kompyuta, na sauti ina mafua.

Shamila anatafuta kitufe cha kubonyeza, na hakipo. Amempigia Godwin akirudishe, na Godwin hapokei. Anainamisha kinywa chake mpaka kinagusa kioo, anasema karibu, karibu mwanangu, ingia, kwa sauti yake halisi, lakini mashine ile haisikii midomo ya watu. Hodi ya pili inapigwa, kisha ya tatu, kisha kimya cha mtoto anayesubiri kidogo kabla hajageuka.

Kutoka chumba cha pili yule mwingine anaita. "Mama, zima hiyo kelele. Nataka kula."